Mwamuzi Asikatazwe Kuona

Tumezoea kugombana hapa juu ya VAR: penalti iliyotolewa, bao lililokataliwa kwa ncha ya kiatu, mwamuzi aliyekwenda pembeni kutazama skrini huku uwanja mzima ukimzomea. Leo naomba tuuache mpira wa miguu upumzike. Nataka tuzungumze juu ya besiboli ya Marekani. Wenzetu wa mchezo ule waliukataa msaada wa video kwa miaka mingi, wakaja kuukubali baada ya kuumia, na katika kuukubali wamejifunza mambo ambayo sisi huku bado tunayapapasa.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama mchezo wenyewe, nitaeleza kwa ufupi. Mliosoma shule za msingi Kenya mkacheza raunda, mnao mwanzo wake tayari. Kuna mrushaji mwenye mpira mdogo mgumu. Kuna mpigaji mwenye gongo. Kuna besi nne zilizopangwa mraba, kila moja iko mita 27 na ushei kutoka mwenzake. Ukiupiga mpira ukaenda chini, unatimua mbio kuelekea besi ya kwanza. Wapinzani wakiuokota, wakaurusha, na ukadakwa na mtu aliyeikanyaga besi kabla mguu wako haujafika, umetolewa. Wenyewe husema uko auti. Mguu ukitangulia, uko salama. Auti tatu, timu zinabadilishana. Zamu tisa kwa kila upande, yaani auti 27, na mchezo umekwisha.

Sasa mfikirie mwamuzi aliyesimama karibu na besi ya kwanza. Hawezi kuutazama mguu na mpira kwa wakati mmoja. Kwa hiyo waamuzi hufundishwa jambo moja ambalo mimi nalistaajabia kila nikilifikiria: macho yakae kwenye mguu na besi, sikio lisikilize mpira unapogonga ngozi ya glovu. Anapima alichokiona kwa alichokisikia, kisha anaamua. Mkimbiaji hufika kwa sekunde nne na kitu, na tofauti ya salama na auti huwa fupi kuliko kupepesa jicho. Mara nyingi mno wanapatia. Nayasema haya mapema ili isije ikadhaniwa kwamba nimekuja hapa kuwasema waamuzi vibaya. Nimekuja kuwatetea.

Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, mrushaji kutoka Venezuela aitwaye Armando Galarraga, wa timu ya Detroit Tigers, alikuwa amewatoa wapigaji 26 wa Cleveland mfululizo. Hakuna hata mmoja aliyefika besi ya kwanza kwa njia yoyote. Alibakiza mmoja. Akimtoa huyo, atakuwa ametimiza kile wanachokiita mchezo kamili, kitu ambacho tangu karne ya 19 hadi siku ile kilikuwa kimetokea mara 20 tu katika ligi kuu. Mpigaji wa 27, Jason Donald, aliupiga mpira ukaenda chini upande wa kulia. Miguel Cabrera akaudaka, akageuka, akamrushia Galarraga aliyekuwa amekimbia mwenyewe kuikanyaga besi ya kwanza. Mpira ukafika. Mguu wa Galarraga ulikuwa juu ya besi. Donald alikuwa nyuma karibu hatua nzima.

Mwamuzi Jim Joyce akafungua mikono pembeni: salama.

Galarraga alitabasamu tu, akarudi mahali pake, akamtoa mpigaji aliyefuata. Tigers walishinda 3-0. Joyce hakuwa mwamuzi mbovu. Alikuwa na zaidi ya miaka 20 katika ligi kuu, na wachezaji wenyewe, walipoulizwa maoni mwezi ule ule, ndiye waliyemtaja kuwa bora kuliko wote. Mchezo ulipokwisha alikwenda akaitazama video. Alitoka akiwa amevunjika moyo, akasema wazi mbele ya waandishi kwamba amemnyima kijana mchezo kamili. Akaomba kuonana na Galarraga, akamkumbatia, akamwomba radhi. Siku iliyofuata Joyce alikuwa na zamu ya kusimamia besi ya nyumbani, ile anaposimama mpigaji. Aliambiwa anaweza kupumzika, naye akakataa. Timu ya Detroit ikamtuma Galarraga mwenyewe kumpelekea orodha ya wachezaji, na mwamuzi yule akafuta machozi mbele ya watu.

Uungwana wa watu wale wawili ulisimuliwa sana, na ulistahili. Baadaye hata waliandika kitabu pamoja. Lakini kuna jambo moja katika kisa kile ambalo nadhani lilipita bila kusemwa vya kutosha. Sekunde chache baada ya uamuzi, mtu aliyekuwa sebuleni kwake mbele ya televisheni alikwishaona mara mbili, mara tatu, kwamba Donald alikuwa auti. Watangazaji waliona. Makocha waliokwenda kutazama ndani waliona. Wakati ule sheria iliruhusu video kwa jambo moja pekee: kama mpira uliopigwa mbali umevuka ukuta kihalali au la. Kwa mengine yote, hakuna ruhusa. Kwa hiyo katika mamilioni ya watu waliokuwa wakifuatilia jambo lile, aliyekatazwa kuangalia alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa na madaraka ya kuamua.

Watetezi wa utaratibu wa zamani walikuwa na neno lao: makosa ya kibinadamu ni sehemu ya mchezo. Nawaelewa, na sitaki kuwadharau. Walikuwa wakitetea mambo wanayoyapenda kwa dhati: mchezo usiosimama kila dakika, mwamuzi ambaye neno lake ni la mwisho, hata ule ugomvi wa kocha anayetoka mbio kwenda kubishana uso kwa uso mpaka anafukuzwa. Bobby Cox, kocha wa Atlanta Braves kwa miaka mingi, alifukuzwa mara 158 katika michezo ya msimu wa kawaida, na mashabiki walimpenda kwa hilo. Lakini ubinadamu wa mwamuzi hauongezeki kwa kufungwa macho. Joyce alikuwa binadamu alipokosea, na alikuwa binadamu zaidi alipotaka kurekebisha. Sheria ilimruhusu la kwanza, ikamnyima la pili.

Mkuu wa ligi wakati ule, Bud Selig, alikataa kuubadilisha uamuzi. Miaka 10 baadaye, mwaka 2020, Galarraga alisema hadharani kwamba angependa mchezo wake utambuliwe rasmi. Mimi namuunga mkono bila kusitasita. Wanaosema ukifungua faili moja utalazimika kuyafungua yote, waitazame kesi yenyewe. Mpigaji aliyefuata alitolewa papo hapo. Matokeo ni yale yale, mshindi ni yule yule, hakuna anayenyang'anywa chochote isipokuwa Donald kupunguziwa pigo moja katika takwimu zake. Hii ni kesi adimu ambapo haki inaweza kurudishwa kamili bila kumdhulumu mtu mwingine.

Kesi nyingi haziko hivyo. Twende Kansas City, Oktoba 1985. Ni fainali ya besiboli, ile iitwayo World Series, ambapo wa kwanza kushinda michezo minne ndiye bingwa. St. Louis Cardinals wameshinda mitatu, Kansas City Royals miwili. Katika mchezo wa sita Cardinals wanaongoza 1-0, na Royals wana zamu yao ya mwisho ya kupiga. Jorge Orta anapiga mpira chini, anakimbia. Mrushaji Todd Worrell anapokea mpira kwenye besi ya kwanza kabla Orta hajafika, na picha za televisheni zilionyesha hivyo waziwazi. Mwamuzi Don Denkinger anasema salama.

Baadaye Denkinger alieleza kilichomkuta, na maelezo yake ni ya mtu anayeijua kazi yake. Alikuwa amesimama karibu mno. Worrell alikuwa mrefu, alinyoosha mkono juu kudaka. Macho ya mwamuzi yakalazimika kwenda juu kwenye glovu na kuuacha mguu. Na kelele za mashabiki zilikuwa kubwa hata hakuweza kuusikia mpira ukiingia. Yaani ule utaratibu wa jicho na sikio, siku ile, kwa sababu isiyo kosa lake, ulimvunjikia mikononi. Royals walipata alama mbili zamu ile, wakashinda 2-1. Kesho yake wakaichapa St. Louis 11-0, wakawa mabingwa. Denkinger alipokea vitisho vya kuuawa. Mtu yule alifanya kazi miaka mingi tena baada ya hapo, akafika mwisho wa maisha yake mwaka 2023, na jina lake lilitajwa kwa sababu ya sekunde ile moja.

Sasa sikiliza. Miaka 29 ikapita. Oktoba 2014, uwanja ni ule ule wa Kansas City, ingawa ulikuwa umeshabadilishwa jina. Royals wako tena fainali, safari hii dhidi ya San Francisco Giants, na ni mchezo wa saba, wa kuamua kila kitu. Timu zimefungana 2-2 katika zamu ya tatu, na Royals wana mtu kwenye besi ya kwanza. Eric Hosmer anaupiga mpira katikati. Joe Panik wa Giants anajirusha kifudifudi, anaudaka, na akiwa bado chini anamsukumia mwenzake kwa glovu ileile, bila hata kuutoa mkononi. Mwenzake anaikanyaga besi ya pili, anarusha kwenda ya kwanza. Hosmer anajitupa kwa kichwa kuifikia besi. Mwamuzi anasema salama.

Besi ni ile ile ambayo Orta aliambiwa yuko salama. Tofauti ilikuwa kwamba msimu ule video ilikuwa imeruhusiwa. Kocha wa Giants, Bruce Bochy, akakata rufaa. Ikachukua karibu dakika tatu, uwanja umeshika pumzi, kisha jibu likaja: auti. Giants walishinda mchezo ule 3-2, wakawa mabingwa. Na leo ukimuuliza shabiki wa kawaida wa besiboli mwamuzi aliyekuwa besi ya kwanza usiku ule ni nani, hamkumbuki. Sijasikia aliyemtumia barua za vitisho. Alikosea kwa kiasi kidogo sana katika tukio gumu kuliko la Denkinger, likasahihishwa, akarudi nyumbani kwake kulala. Ninapotetea marudio ya video, huyo ndiye ninayemfikiria kwanza, kabla hata ya Panik na Hosmer.

Njia ya kufika pale haikuwa nyoofu. Ligi kuu ilianza kutumia video mwishoni mwa Agosti 2008, kwa mipira ya mbali tu, kama nilivyosema. Waamuzi walitoka uwanjani wakaenda kutazama skrini ndogo huko ndani. Tarehe 8 Mei 2013, mjini Cleveland, ikaonekana kwamba hilo halitoshi. Adam Rosales wa Oakland alipiga mpira ukagonga chuma cha juu ya ukuta na kurudi uwanjani. Kihalali ilikuwa hom rani, yaani mpira uliovuka ukuta, na ingesawazisha mchezo. Waamuzi hawakuitoa. Wakaenda kutazama video. Wakarudi, wakasimama na uamuzi wao ule ule. Siku iliyofuata ligi yenyewe ilikiri kwamba walikosea. Ndipo ikaonekana kwamba skrini peke yake haimsaidii mtu aliyetoka mbio uwanjani, jasho linamtoka, maelfu wanampigia kelele, halafu anaombwa ajihukumu mwenyewe.

Kwa hiyo mwaka 2014 walifanya jambo la busara: uamuzi wa mwisho ulihamishiwa New York. Walijenga chumba chenye skrini nyingi, picha za kila uwanja zikawa zinafika pale kwa pamoja, na waliowekwa pale ni waamuzi halisi wa ligi, wanaokwenda kwa zamu. Uwanjani, waamuzi wawili wanasogea pembeni, wanavaa vifaa vya kusikilizia masikioni, na mwenzao wa New York anawaambia. Kipimo walichoweka ni kizuri: uamuzi wa uwanjani haubadilishwi mpaka picha ionyeshe kosa waziwazi. Pakiwa na shaka, unabaki. Kocha akapewa haki ya kukata rufaa, na akishindwa anaipoteza. Msimu wa kwanza peke yake, matukio zaidi ya 1,200 yalipitiwa, na karibu nusu yake yalibadilishwa. Hebu tafakari idadi hiyo. Makosa ya namna hiyo yalikuwa yakitokea kila mwaka tangu mchezo ulipoanza, na watu waliambiwa wayameze.

Na hapa pana jambo linalotugusa Afrika Mashariki, ambalo nalisema kwa fahari. Agosti 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, Little League, huko South Williamsport, Pennsylvania, wakiwa timu ya kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo. Mwaka uliotangulia timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu, ikanyimwa viza. Lugazi walifika, na walipata ushindi mmoja, 3-2 dhidi ya watoto wa Oregon. Mashindano yale yalikuwa tayari yanaruhusu kocha kukata rufaa kwa video kwa matukio ya kwenye besi. Yaani mtoto wa Lugazi alicheza chini ya haki ambayo nyota wa ligi kuu wa Marekani, mwenye mkataba wa mamilioni, hakuwa nayo hadi miaka miwili baadaye.

Sasa nije kwenye kinachoniuma katika utaratibu huu ninaoupenda. Kocha anapotaka kukata rufaa, hategemei alichokiona. Kila timu ina mtu wake aliyekaa chumbani karibu na benchi, mbele ya skrini zote. Tukio likitokea, kocha ananyoosha mikono kuomba subira, simu ya benchi inalia, na mtu wa chumbani anamwambia: kata, au usikate. Mwanzoni hapakuwa na kikomo cha wazi, makocha wakawa wanatembea polepole kuelekea kwa mwamuzi ili kupoteza muda simu ijibiwe. Mwaka 2017 wakawekewa sekunde 30. Sasa ni 15. Lakini simu ipo.

Chumba hicho kimezaa mabaya mawili. La kwanza linajulikana dunia nzima. Mwaka 2017 wafanyakazi wa Houston Astros waliokuwa katika chumba cha video walianza kutumia kamera ya katikati ya uwanja kusoma ishara za siri ambazo mdakaji wa timu pinzani, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, humpa mrushaji wake. Mambo yakakua mpaka wakaweka skrini karibu na benchi, na wachezaji wakawa wanagonga pipa la taka kumjulisha mpigaji ni mpira wa aina gani unakuja. Mwaka ule Astros walichukua ubingwa. Uchunguzi wa ligi ulipotoka Januari 2020, klabu ilitozwa dola milioni 5, meneja mkuu na kocha wakafungiwa mwaka mmoja, na klabu ikawafukuza siku ile ile. Miezi michache baadaye mtu wa video wa Boston Red Sox naye akafungiwa kwa makosa ya msimu wa 2018. Chumba kilichojengwa kwa ajili ya haki kiliwapa wadanganyifu kamera, skrini na nafasi ya kukaa. Ligi imeweka walinzi na masharti tangu wakati huo, na imefanya vyema.

La pili ni la kimya zaidi, na mimi nalihesabu kuwa zito kwa sababu linatokea kila wiki bila mtu kuvunja sheria. Mkimbiaji anajaribu kuiba besi ya pili, yaani kuikimbilia bila kungoja mpira upigwe. Anajirusha, anateleza, anafika wazi kabla ya mpira. Kila mtu uwanjani ameona. Lakini mwili uliokuja kwa kasi ile haukomi ghafla. Anapojiinua, kiatu kinaachana na besi kwa sehemu ndogo ya sekunde, pengine upana wa unyasi, kisha kinarudi. Mpinzani wake amefundishwa kubaki amemgandamizia glovu mwilini, akisubiri bahati hiyo. Hakuna jicho lililoiona nafasi ile. Mwamuzi hakuiona, kocha hakuiona, hata aliyeshika glovu hana hakika. Ila mtu wa chumbani ameirudisha picha polepole, polepole zaidi, na ameipata. Simu inalia. Rufaa inakatwa. Mkimbiaji aliyefanya kila kitu sawasawa anatolewa.

Kwa maneno ya kitabu cha sheria, anayeguswa na glovu yenye mpira akiwa nje ya besi ni auti. Lakini vitabu hivi viliandikwa kwa ajili ya macho ya watu waliosimama uwanjani, na kwa zaidi ya miaka 100 ilikuwa nadra mno mtu kutolewa kwa kosa la namna hiyo. Kamera iliitwa ije kuondoa dhuluma ambazo kila mtu aliziona. Haikuitwa ije kutafuta makosa ambayo hayakumuumiza mtu.

Nao wenyewe wamewahi kukiri hilo. Mwanzo wa msimu wa 2014, kwa sababu ya video, wachezaji waliokwishadaka mpira vizuri walikuwa wakihesabiwa hawakudaka, eti kwa vile uliwaponyoka walipokuwa wakiutoa kwenye glovu ili waurushe. Kila mtu aliona kwamba ni upuuzi, na kabla Aprili haijaisha sheria ikatafsiriwa upya. Kwa hiyo wakitaka, wanaweza. Hili la mkimbiaji wamelitazama miaka yote hii na kuliacha.

Kilichonipa matumaini ni hatua yao mpya. Kwa muda mrefu video haikugusa jambo kubwa kuliko yote katika besiboli: kama mpira uliorushwa umepita ndani ya eneo la kupigika au nje yake. Mwamuzi wa besi ya nyumbani huamua hilo zaidi ya mara 100 kwa mchezo, kwa mipira inayokuja kwa kilomita 150 kwa saa na kukata kona njiani. Korea Kusini mwaka 2024 iliikabidhi mashine kazi hiyo yote katika ligi yake kuu: kila mpira mashine inaamua, mwamuzi anatangaza. Wamarekani walizijaribu njia mbalimbali kwenye ligi za chini kwa misimu kadhaa, na Septemba 2025 wakaamua kwamba kuanzia msimu wa 2026 mwamuzi ataendelea kuamua kama zamani, ila kila timu itakuwa na rufaa mbili, na rufaa ikifanikiwa haipotei.

Na hii ndiyo sehemu ninayotaka uishike, msikilizaji. Wenye haki ya kukata rufaa hiyo ni watatu tu: mrushaji, mdakaji na mpigaji. Anagusa kofia yake papo hapo, na basi. Kocha haruhusiwi. Benchi haliruhusiwi kumpigia kelele za kumwelekeza. Hakuna simu, hakuna mtu wa chumbani. Aliyekuwa pale, aliyeuona mpira kwa macho yake na kuamini kwamba amedhulumiwa, ndiye anayesema. Mashine inajibu ndani ya sekunde chache, uwanja mzima unaona kwenye skrini kubwa, mchezo unaendelea.

Basi naiuliza ligi ile, kwa heshima zote: kwa nini busara hiyo ikomee kwenye besi ya nyumbani? Ikateni simu. Mruhusuni kocha akate rufaa kwa alichokiona yeye, au kwa kile mchezaji wake aliyekuwa pale anachomwashiria, na aamue hapo hapo. Orta angekatiwa rufaa, Worrell alijua. Hosmer angekatiwa rufaa vilevile, kwa sababu waliokuwa karibu walikuwa na hakika yao. Ule upana wa unyasi chini ya kiatu cha mkimbiaji hakuna ambaye angeukatia rufaa, kwa kuwa hakuna aliyeuona. Mtu wa chumbani akikosa kazi ya kumwambia kocha lolote mchezo ukiendelea, na kile chumba chenyewe kinaweza kufungwa hadi mchezo uishe.

Najua nitajibiwa kwamba yapo makosa ya kweli ambayo watu wa uwanjani hawatayaona, na bila simu yatapita. Ni kweli, yatapita machache. Nakubali kuyapoteza hayo, lakini kwa sharti moja, na ndilo ninaloling'ang'ania kuliko yote. Hivi leo mwamuzi mkuu wa mchezo anaruhusiwa kuomba video kwa hiari yake kwa matukio ya kawaida kuanzia zamu ya nane tu, na hata hapo ni baada ya kocha kuishiwa rufaa. Zamu saba za mwanzo, mwamuzi mwenye shaka moyoni anapaswa kunyamaza asubiri mwingine alalamike. Iondoeni hiyo. Mwamuzi akisema, sikuusikia mpira, nilizibwa, naomba tutazame, apewe vifaa vya kusikilizia hapo hapo, iwe zamu ya tisa au mpira wa kwanza kabisa wa mchezo.